Nilimshika Mama Mkwe Mkono Mbele ya Mkaguzi

Mhariri, jina langu liache. Hapa Gesima watanijua hata bila jina, ila wewe nifichie kidogo. Nilikosea, na nilikosea nikiwa na akili zangu timamu, tena nimevaa tai.

Miaka michache baada ya Uhuru nilichaguliwa kwenye ufadhili wa kuandaa vijana wa Kiafrika wawe viongozi wa maendeleo. Tulifundishwa ng'ambo miezi kadhaa, kisha kila mmoja akarudishwa kwao aongoze mradi, mkaguzi aje kumtazama. Ukifaulu unapata cheti na kazi serikalini.

Mradi wangu ulikuwa kuijengea ukuta wa mawe chemchemi iliyo bondeni, mpakani mwa ukoo wetu na ukoo wa Kwamboka. Kwamboka alikuwa mchumba wangu. Ng'ombe wa mahari walishapelekwa kwao, arusi ikingoja mavuno ya wimbi. Nilimpenda yule msichana hadi nikajiunga na kwaya aliyoimba, na sauti sina.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Kwa hiyo kwenye mikutano yetu wazee walikaa upande huu, kina mama nyuma ya migomba, na mama yake Kwamboka akiwa na neno, alilisema kutoka huko huko tukalisikia. Kazi ilienda vizuri, mawe yote yalishabebwa.

Lakini ng'ambo tulifundishwa kwamba kiongozi wa kisasa huketisha watu kwa duara, wote sawa, wakitazamana. Siku ya mkaguzi nikaazima viti vya kanisa, nikavipanga. Mama yangu akaviangalia.

"Na mama wa Kwamboka atakaa wapi?"

"Hapa hapa, mama, kama watu wengine."

"Yaya, hapana," akasema. "Huyo hakai hapo, na wewe unajua."

Nilijua. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu.

Mkaguzi, bibi wa Kizungu mwenye kofia pana, aliona kina mama wakielekea migombani, akaniuliza mbona wanatengwa. Nikaona cheti kinaota mbawa. Nikaenda migombani, nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta hadi kwenye kiti kando ya changu.

Ndugu msomaji, hata matangani sijawahi kuona mambo kama yale!

Mama mkwe akajifunika leso uso mzima. Baba mkwe akageuza kiti chake, akatazama mlima. Mzee mwingine naye akageuza. Punde duara zima lilikuwa limegeukia nje, nami nimebaki na migongo. Mkaguzi akauliza wanafanya nini. Nikamwambia wanatafakari. Akafurahi sana.

Kisha mama mkwe akainuka, leso bado usoni, akakanyaga chemchemi katikati, akapanda kilima kuelekea kwao. Wengine wakamfuata.

Jioni wazee walinitumia habari: lete mbuzi kesho, simama mbele ya watu useme umekosa, mambo yaishe. Kitu chepesi hivyo. Lakini mkaguzi alikuwa analala misheni hadi Ijumaa, nikaogopa atamwona kiongozi wake akiomba watu msamaha. Nikajibu wangoje mgeni aondoke.

Kesho yake Kwamboka alikuja mwenyewe hadi mpakani. "Mama hali chakula," akasema. "Anasema umemvua nguo mbele ya wazee. Leta huyo mbuzi leo."

"Ijumaa, Kwamboka."

"Basi muoe mkaguzi."

Ijumaa mkaguzi akaondoka. Nikatoka mbio kutafuta mbuzi, na njiani nikakutana na ng'ombe wetu wa mahari wakirudishwa nyumbani. Nililia pale pale barabarani, sioni haya kusema.

Cheti kilikuja, na kazi ikaja. Kimeandikwa kwamba najua kusikiliza jamii. Mama alikitundika jikoni, kwenye moshi. Kwamboka aliolewa na mkulima wa chai, na huyo mumewe ndiye aliyemalizia chemchemi, wazee upande huu, kina mama migombani.

Mpaka leo sina mke, kwa hiyo maji nachota mwenyewe, mwanamume mzima na ndoo, wasichana wakinicheka. Nikisikia yule mama akikohoa nyuma ya migomba, naweka ndoo chini, nageuka, nangoja achote aondoke. Si mama mkwe wangu tena, lakini nageuka.

Nanyi vijana mnaoitwa kusomea uongozi, nendeni, ni jambo zuri. Mkirudi, kabla hamjapanga viti, waulizeni mama zenu nani hukaa wapi. Wangu aliniambia bila hata kuulizwa.