Mizizi ya Maneno Kitandani pa Babu Anselmi

Kengele ya misheni iligongwa pigo moja, ikanyamaza kwa muda wa kupumua mara tatu, kisha ikagongwa tena. Nilikuwa nimekaa wiki tano katika kijiji kile cha milimani, juu ya mji wa Morogoro, nikipima udongo unaochukuliwa na mvua kwenye matuta ya kabichi kwa ajili ya tasnifu yangu, na nilikwisha kujua kwamba kengele inayogongwa polepole namna ile haiiti watu kwenye ibada, inatangaza kifo. Nilishtuka, nikajiuliza nani ametutoka. Nisilolijua wakati ule, na ambalo mpaka leo nikilisimulia hutazama pembeni, ni kwamba kengele ile nilikuwa nimeisababisha mimi.

Niruhusuni nieleze kwa mpangilio, ingawa mpangilio hauniondolei aibu.

Miaka ile soko la nchi lilikuwa limefunguliwa kwa bidhaa za nje, mitumba imejaa mjini, na katikati ya marundo ya nguo mtu aliweza kuokota hata kitabu. Mimi niliokota kimoja kisicho na jalada, kinachofundisha maneno magumu ya Kiingereza kwa kupitia mizizi yake ya Kilatini na Kigiriki. Nilikuwa nakabiliwa na mtihani wa lugha kwa ajili ya ufadhili wa masomo ya nje, na kitabu kile kilinitoa woga, kwani mzizi mmoja ulifungua maneno kumi. (Nilimweleza Perpetua, mwenye nyumba wangu, kwamba ni sawa na mtu kulijua neno soma, kisha somo, msomi na masomo vikamjia vyenyewe. Akanijibu, “Sasa dada, kama vinakuja vyenyewe, mbona unahangaika?”) Kitabu kiliagiza kila mzizi utamkwe kwa sauti pamoja na maana yake, mara tatu, bila haraka. Mimi nikipewa agizo hulifuata.

Kwa kawaida nilisomea mtoni. Siku ile, hata hivyo, Perpetua alikwenda kumwagilia karoti akaniomba nikae na baba yake, Babu Anselmi, katekista mstaafu ambaye homa ya mapafu ilikuwa imemlaza wiki mbili, ingawa sasa alikuwa akipata nafuu na kudai uji kila baada ya saa. Nikaona si vibaya kusomea palepale kando ya kitanda, dirisha likiwa wazi. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mwili na mauti.

“Mors, kifo,” nikasoma. “Corpus, mwili. Anima, roho. Terra, ardhi.”

“Amina,” akaitikia Babu, macho ameyafumba.

Nilidhani ananitania. Kumbe mzee alikuwa akisikia Kilatini cha ujana wake, cha wakati alipotumikia altareni, na alifurahi kiasi cha kuniomba niendelee. Nikaendelea, kwa sauti nzito niliyoamini inasaidia kumbukumbu, naye akaitikia kila mstari, sauti yake ikizidi kufifia kwa sababu (hili ni muhimu) usingizi ulikuwa unamchukua. Chini ya dirisha alikuwa akipita Mama Sesilia, jirani yetu na kiongozi wa jumuiya, na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Alisikia kifo, mwili, roho, ardhi, akasikia amina za mzee zikikoma, akautua mzigo, akakimbilia kanisani kugonga kengele.

Wanawake walipoanza kupanda mteremko wakilia, na kuni vichwani kama desturi inavyotaka, nilitoka nje. Ningeuliza swali moja tu, mkasa ungeishia hapo. Lakini nilifikiri sana: mgeni akiuliza jina la marehemu ataonekana hakujali, na kwa kuwa walikuwa wakielekea kwetu, bila shaka marehemu alikuwa ndugu wa nyumba ile. Nikajifunga khanga kiunoni, nikapokea kuni.

Mama Sesilia akanikumbatia. “Pole, mwanangu. Umemsindikiza vizuri, nimesikia kwa masikio yangu.”

“Asante, mama,” nikajibu (kwa nini niliitikia, sijui), na nikaanza kulia, kwa sababu kila mtu alikuwa akilia.

Perpetua alifika akikimbia kutoka shambani, miguu mitupu yenye matope, akajitupa chini mlangoni akimwita baba yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayeliliwa ni Babu, niliyemwacha ndani amelala.

Mlango ukafunguliwa. Babu Anselmi akasimama kizingitini na blanketi lake begani.

“Nani amekufa?”

Mama Sesilia akapiga goti, akasema kwa adabu, “Shikamoo, baba. Ni wewe.”

“Marahaba. Basi nipeni uji kwanza.”

Watu walicheka, wengine wakiendelea kulia. Perpetua hakucheka. Alimshika baba yake miguu, kisha akageuka kunitazama. “Dada, gari la mboga limeshashuka. Wamemwambia dereva ampigie Kosmas simu.”

Kosmas ni kaka yake, fundi katika kiwanda cha sukari upande wa Turiani. Wiki zile kiwanda kilikuwa kinaandaa orodha ya watakaopunguzwa kazi, na aliyepatikana na kosa lolote alitangulia. Kosmas akiomba ruhusa ya kumzika baba aliye hai, nani angeamini kwamba hakudanganya?

Niliteremka mlima kwa miguu kwa muda wa saa tatu bila kupumzika, nikitunga sentensi sahihi ya kumwambia Kosmas, yenye maelezo kamili na isiyomlaumu Mama Sesilia. Njiani niliapa kwamba kando ya mgonjwa sitasoma tena kwa sauti, na kwamba nikiona watu wanalia nitauliza. Posta mjini, kwenye foleni ya simu, nilimwachia mtu zamu yangu, nikamwachia na wa pili, kwani sentensi ilikuwa bado haijakaa sawa. Wa tatu, mama mmoja mwenye kapu, alinitazama usoni akasema, “Binti, ingia wewe.”

Karani wa kiwanda alisema Kosmas yupo pale ofisini, anajaza fomu ya ruhusa. Nikasikia simu ikipokezanwa, na sauti iliyokauka ikasema haloo.

“Shikamoo, kaka,” nikasema, na sentensi yangu yote ikapotea. “Mimi ndiye niliyemuua baba yako, lakini hajafa. Anakunywa uji. Usitie saini, tafadhali, na nipe bosi wako nimweleze mwenyewe.”

Nikasikia kiti kikivutwa, na karatasi ikichanwa taratibu.

“Uji wa nini?” akauliza.

“Wa ulezi,” nikasema, na huko upande wa pili mtu mzima akaanza kulia.

Nilingoja mpaka alipomaliza. Kisha akampa bosi simu, nami nikaanza tena, tangu kengele.