Kufumba Mdomo Njiani

Nina pumu tangu utotoni, na tangu utotoni sipendi ionekane. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na wanafunzi wangu wengi hawakujua kwamba mwalimu wao akigeukia ubao muda mrefu, anavuta pampu yake ya dawa.

Mwaka jana kifua kilinibana vibaya, nikalazwa hospitali mjini Machakos. Kabla ya kuruhusiwa nilipelekwa kwa binti anayefundisha mazoezi ya kupumua. Alinikalisha, akaniweka mkono mgongoni, akaniambia nivute pumzi kwa pua, polepole, tumbo ndilo liinuke, si mabega. Mdomo ufumbwe.

"Dawa zako zote unaendelea nazo, Mwalimu," alisema. "Hii ni ya kuongezea tu. Haiponyi pumu, lakini itakusaidia usikimbizane na pumzi."

Nilimsikia nusu. Nusu nyingine ya akili yangu ilikuwa kwenye ule mkono. Tangu nimzike mume wangu hakuna aliyekuwa amenishika mgongo, na niliona aibu kwamba sikutaka auondoe.

Nyumbani Mitaboni nilifanya mazoezi jioni kitandani, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, yote miwili yangu. Asubuhi niliyafanya nikitembea kwenda sokoni. Yalisaidia, siwezi kusema uongo. Pampu ya kila siku sikuiacha, lakini ile ya dharura ilikaa mfukoni siku nyingi bila kuguswa.

Tatizo lilikuwa mdomo. Kwetu salamu si neno moja. Mtu akikuuliza "Wi museo?", u mzima, hapo amebisha hodi tu, bado hajafika kwa ng'ombe, kwa mvua, kwa mtoto aliye Nairobi kama amepiga simu, na kwa goti la mama mkwe. Mimi, katikati ya pumzi niliyoibembeleza tangu langoni kwangu, nilikuwa nainua mkono, natikisa kichwa, napita. Niliona inatosha. Nilitakiwa nifanye nini, nimsimamishe kila anayechunga mbuzi nimweleze mapafu yangu? Habari ingefika sokoni kabla yangu.

Jirani yangu, mjane kama mimi, alikuwa akija jioni tukimenya mbaazi pamoja. Bakuli moja, maneno mengi. Jioni moja hakuja, nikasema ana kazi. Wiki ikaisha, na nyingine ikaisha. Nilimenya peke yangu redio ikiongea, na mara nyingine nilijikuta naijibu. Nilimkosa hadi nikakasirika. Kama amenichoka, basi, mimi sitambembeleza mtu. Nilinuna vizuri kabisa, ila hakukuwa na wa kuona nimenuna.

Mwanamke ninayenunua kwake nyanya ndiye aliyenifungua macho.

"Mwalimu, kwani mlikosana na jirani yako? Anasema siku hizi hata salamu yake hutaki. Ati unapita tu na mdomo umefunga, kama mtu amenusa kitu."

Hasira zilinipanda. Nilikwenda kwa jirani moja kwa moja, nikikata shambani na kupanda matuta badala ya kuzunguka kwa njia, na nilipofika mlangoni sikuwa na sauti. Nilikuja kugomba, nikaishia kwenye kigoda chake navuta pampu. Kisha nikafumba mdomo na kupumua kwa pua, kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa. Yeye alisimama akinitazama. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo mbele ya mtu wa kwetu.

"Kumbe ni hii," akasema. "Hii ndio unafanyanga ukipita pale njiani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ungeniambia, si ningenyamaza tutembee pamoja?"

Pumzi iliporudi nilimwambia yote, hospitali, mazoezi, hata redio. Nikamwambia nyumba yangu imekuwa kimya mpaka nasikia maji yakianza kuchemka jikoni nikiwa sebuleni. "Njoo jioni," nikasema. "Njoo hata leo. Nimekukosa sana." Sikumbuki kama hata mume wangu niliwahi kumwambia hivyo waziwazi.

Alivuta kigoda kingine, akakaa. Alisema binti yake amekuwa akimwita aende kwake Syokimau, karibu na Nairobi, akamsaidie kulea mtoto, na kila mara alikuwa akikataa kwa sababu yangu.

"Nilikuwa namuuliza, Mwalimu atabaki na nani?" Akajifuta uso kwa leso. "Juzi nikakubali. Nikaona hapa hakuna mtu ananitaka."

"Mpigie. Mwambie umebadilisha nia."

"Ningempigia. Lakini ng'ombe nimeshauza, Mwalimu. Walikuja kumchukua leo asubuhi."

Nikageuka kutazama zizi. Lilikuwa wazi, limefagiliwa.