Sogea Kushoto Kidogo

Mpiga picha hupiga magoti mpaka shavu linakaribia lami, ili ghorofa la vioo, fahari ya mji, liingie lote. "Sogea kushoto kidogo, tulifiche lile gofu," aliwaambia wateja miaka yote, mkono ukipunga kama anafukuza nzi. Gofu lilikuwa stesheni ya zamani. Likabomolewa. Juzi bibi mmoja akamjia: "Mwanangu, huna picha ya stesheni? Marehemu mume wangu aliuza tiketi pale." Mpiga picha akapekua picha zake mpaka jasho likamtoka. Kila moja, ghorofa linang'aa. Stesheni iko nyuma ya bega la mtu. "Sina, bibi." Akaja mteja mwingine. Mpiga picha akapiga magoti, mkono ukapunga wenyewe. "Sogea kushoto kidogo."

"Kwani huku kuna nini?" mteja akauliza, akigeukia kiwanja kitupu.