Lusaka au Chipata

Fomu ilikuja kwa barua pepe Jumatatu, nikaichapa mwenyewe kwenye steshenari ninayofanyia kazi hapa Bariadi. Mume wangu ni fundi wa mashine za kuchambua pamba. Alikuwa amepata kazi Zambia, katika kiwanda kilichopo Chipata. Mimi niliyeitwa "mwenza" niliruhusiwa kuchagua: nikae naye Chipata, au nikae Lusaka, siku nzima kwa basi, ambako kampuni ina nyumba za familia na yeye angekuja kila mwisho wa mwezi. Chini kulikuwa na kisanduku cha "Sababu". Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa.

Mwingine angeijaza kwa dakika mbili. Mimi nilinunua daftari.

Niseme ukweli wangu. Kadi ya harusi naisoma mara nne kabla ya kuichapa, kisha nikifika nyumbani nampigia bosi kumuuliza kama jina la bibi harusi lilikuwa na h. Kutengeneza kadi nilijifunza kwenye simu, bila mwalimu. Kiingereza pia. Mtu aliyejifunza peke yake hana cheti cha kumtetea akikosea, kwa hiyo hakubali kukosea, na akikosea anaficha.

Hadi Jumatano nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja: maji, umeme, hospitali, joto, bei ya sembe. Mji wa kuchagua nilikuwa sijauona bado. Nikaingia kwenye kundi la simu la wake waliofuata waume zao Zambia, nikaandika swali kwa Kiingereza, kuhusu miji hiyo miwili na kazi yangu ya kadi. Nililirekebisha tangu saa sita hadi karibu na kufunga, wateja wakinisubiri. Akanijibu mama mmoja wa Lusaka.

"Dada, hiki Kiingereza ni cha kuombea kazi benki. Mtu wa wapi wewe?"

"Bariadi."

"Nilijua tu! Andika Kiswahili bwana, mimi wa Maswa."

Kisha akanitumia sauti. "Chipata utamwona mumeo kila jioni. Ila hizo kadi zako, mdogo wangu, hujui mtu, utaanzia wapi? Huku Lusaka kazi zipo, ukikubali kuhangaikia kibali chako cha kazi. Lakini jiandae. Maofisini ni Kiingereza tu, na ukikosea wanacheka, hawajifichi."

Hilo la kucheka ndilo lililoniamulia. Kwenye daftari sikuliandika.

Alhamisi asubuhi tulikwenda Zagayu kwa mama mkwe. Tulimkuta barazani anatenga pamba safi na chafu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Akaitikia, akamgeukia mwanawe. "Mmeshajua mtakaa wapi?"

"Mke wangu bado anachunguza."

"Anachunguza nini? Mji ni mtamba, useme utamwangalia meno?" Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. "Sisi tulihama na ng'ombe mara tatu, hakuna aliyeniuliza. Nilibeba sufuria nikafuata mikia."

"Na ungeulizwa, mama?" mume wangu akamtania.

"Ningeulizwa nisingetoka Malampaka. Nilikuwa nauza vitumbua pale stesheni, abiria wananijua." Akasema hivyo bila kuinua macho, akaendelea kutenga.

Ijumaa nikajaza Chipata. Kwenye sababu nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Kuwa karibu na mume wangu."

Mume wangu aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. "Nilidhani utanikimbia," akasema, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu barua ya kazi ije. Akatoa simu ampigie mama yake.

"Usipige," nikasema. "Nimedanganya."

"Umedanganya nini?"

"Hiyo sababu. Lusaka watanicheka Kiingereza. Naogopa."

"Ni hilo tu? Sasa si tutakuwa pamoja? Sababu ina kazi gani?"

"Nataka Lusaka."

Akaweka simu mezani. "Kwa hiyo unachagua kukaa bila mimi."

Kukaa bila yeye hakukuwa sababu yangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ningeweza kurudi steshenari nikachape fomu nyingine. Nilijijua: mbele ya karatasi safi ningeandika vizuri tena, na ningedanganya tena. Nikakata Chipata palepale. Mstari ukapinda, wino ukatapakaa. Pembeni nikabana: Lusaka. Kwenye kisanduku, juu ya maneno niliyoyakata, nikaandika: "Nataka kazi yangu." Sijawahi kutoa karatasi mbaya kama ile mikononi mwangu.

Akaichukua, akaisoma hadi chini.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Nikaweka. Akaikunja mara mbili, akatoka kwenda kuituma, na hakuniambia twende.