Kucha za Mwalimu Wambura

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chombo chochote. Mkuu wa Mitambo wa kituo chetu kidogo cha redio pale Mugumu, mzee mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinikalisha ndani ya studio, akazima kila kitu na kufunga mlango. Alipofungua aliniuliza, "Ghati, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee."

"Basi kaa tena."

Mara ya pili nilisikia bati likilia kwa joto, nzi dirishani, mama wa chai akisuuza vikombe uani, na tumbo langu mwenyewe. Nilipomtajia hayo alicheka. "Sasa umeanza kazi. Fundi wa sauti anafanya kazi kwa masikio. Mikono ni vibarua tu."

Nyinyi vijana mnarekodi kwa simu huku mnatembea, na siwaonei kijicho. Sisi tulikuwa na kinasa sauti cha kanda, na kanda ni kama mtoto mchanga, ukiiacha kidogo inalia. Kila asubuhi nilisafisha kichwa cha kinasa, yaani kile kichuma kinachogusana na kanda, kwa pamba na spiriti. Kuta za studio tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi rudi. Mashine ikichafuka ilimeza kanda, na ukiona kanda imemezwa unaitoa taratibu huku unasali, unaikunja upya kwa penseli. Nilipenda kazi hiyo kuliko nilivyopenda watu wengine, na wao walilijua.

Kabatini palikuwa na kanda zilizoachwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Zote zilikuwa za gitaa tupu, bila mwimbaji wala ngoma, na juu yake ameandika "Romantiki". Msimamizi wa Vipindi alizitazama akasema, "Romantiki si mapenzi? Weka kwenye salamu za wapendanao." Tukaweka. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza, "Huyo mtu ataanza kuimba lini?"

Mimi zilinikamata. Gitaa lile halipigwi kama la bendi. Nyuzi zake tatu ni nailoni na tatu zimezungushiwa waya, na mpigaji hatumii kipande cha plastiki, anatumia kucha zake. Kidole gumba kinabeba besi, vidole vingine vitatu vinapokezana kwenye uzi mmoja kwa kasi mpaka unadhani ni watu wawili. Nilikuwa nasikiliza hata kule kuteleza kwa vidole kwenye waya, kijimlio kama cha panya. Mkuu wa Mitambo aliniambia huo nao ni muziki, nisiufute.

Kanda hizo, alizozisikia redioni, ndizo zilizomleta Mwalimu Wambura. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ringwani, mrefu, mpole, na kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa ndefu, zimepigwa msasa. Aliwahi kuwa seminarini, akafundishwa gitaa na padri, kisha akaacha seminari akaoa. Aliyemwachisha, mkewe Mama Robi, alikuja naye siku hiyo. "Romantiki siyo barua za mapenzi," Mwalimu alitueleza. "Ni zama. Ni wakati watunzi wa kule Ulaya walipoona muziki usiwe wa kupendeza tu, useme na yaliyo moyoni." Mama Robi akadakia, "Basi ni mapenzi, Mwalimu. Unazunguka nini?"

Kucha zile zilikuwa na historia. Mkulima wa Ringwani hawezi kufuga kucha, jembe linazivunja. Kwa hiyo Mama Robi alilima mstari wake na wa mumewe. Wanawake wenzake walimcheka kisimani kwamba ameolewa na bibi harusi. Naye aliwajibu, "Wenu wana kucha fupi na bado hawalimi."

Tulimrekodi. Maiki hatukuiweka mbele ya tundu la gitaa, maana pale besi inanguruma mno. Tuliisogeza kuelekea shingo. Mama Robi aliombwa kukaa nje kwenye benchi, kwa sababu sheria ya studio ilikuwa ukimya. Mwalimu alipiga kipande cha polepole alichokuwa akimpigia mkewe tangu uchumba. Nililia, na Mkuu wa Mitambo alinikanya nisivute makamasi kanda inazunguka.

Mlioishi Mugumu mnakumbuka matangazo ya vifo. Mchana na jioni redio inatangaza nani amefariki, mazishi wapi, ndugu wa Nyambureti na wa Tarime wapate habari. Kabla ya kutangaza hupigwa kiashirio, muziki mfupi wa kuwaambia watu watege sikio. Chetu kilikuwa kinanda cha kanisani. Siku moja mashine ikakitafuna kinanda, kanda ikatoka vipande vipande, na muda wa matangazo ulikuwa umefika. Mtangazaji akanyoosha mkono, akachukua kanda iliyokuwa karibu na yenye sauti ya utulivu. Ilikuwa ya Mwalimu Wambura.

Watu waliipenda. Walisema inawafaa wafiwa. Msimamizi wa Vipindi akaamua ibaki, na sikuona ubaya wowote.

Baada ya muda nilihamishiwa Tarime, kwenye tawi letu. Msimamizi wa Tawi pale alikuwa mama mkali wa sauti nyembamba aliyenifundisha kuhariri kwa kompyuta. Aliniambia, "Wembe wa kukatia kanda ukatie vitunguu sasa." Nilifanya kazi na wapiga iritungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane. Ndipo nilipojua shida ya kufuata sheria ya ukimya katika nchi yetu. Mpiga iritungu hapigi peke yake. Watu wanamtania, wanamwita kwa ukoo, wanamjibu. Ukiwanyamazisha, vidole vyake vinapoa, anakuuliza kama umemwita msibani.

Siku moja nilikuwa Sirari kununua nyaya. Dukani redio ikaanza na gitaa la Mwalimu. Muuza duka, kijana aliyekulia upande wa Kenya, akaacha kupima waya. "Ngoja, mathee. Hiyo ni ya maiti. Wacha tuskie ni nani ameenda." Duka zima likanyamaza. Nilitoka pale na waya wangu nikimkumbuka Mama Robi kwenye benchi.

Niliporudishwa Mugumu, nikiwa sasa mimi ndiye Mkuu wa Mitambo, Mama Robi alikuja mwenyewe. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kukaa.

"Ghati, gitaa langu mmelipeleka wapi?"

"Lipi, mama?"

"La mume wangu. Nilikuwa nalisikia nikilala. Sasa likilia, jirani zangu wanatoka nje kuuliza nani amekufa. Robi ameolewa juzi. Baba yake akasema atampigia binti yake mbele ya wageni. Kupiga tu, mabibi wakaanza kulia! Wakwe wakasimama, wanasema tunawaozesha mkosi. Tukawabembeleza ndipo wakakaa." Kisha akasema polepole, "Mwalimu amekata kucha."

Nilijua maana yake. Mtu wa aina yake akikata kucha, ameacha. Miaka yote yule mama alilima mistari miwili ili kucha zile ziwepo, na sisi, kwa nia njema kabisa, tulikuwa tumezikata. Nilihisi aibu ya nyumba nzima ya redio.

Nilikwenda kwa Meneja wa Kituo. Alikuwa mtu wa haki lakini mgumu wa kubadilika. "Wasikilizaji wameizoea. Nikiitoa watasema vifo vyao havina heshima."

"Vifo tutavitafutia wimbo mwingine, Meneja. Huu una wenyewe, na wako hai."

Alikuna kichwa. Akasema nirekodi upya, kipande kilekile, tukiweke kwenye kipindi cha asubuhi. Wasikilizaji wakikikubali, matangazo ya vifo yatapewa kwaya. Wakikikataa, mambo yabaki yalivyo. Nilimshukuru, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu angeweza kusema hapana.

Tulisubiri kucha ziote. Mwalimu hakutaka. Alimwambia mkewe muziki ule ameshauzika. Mama Robi hakubishana, alichukua jembe la mumewe akaliegemeza upande wake wa kitanda mumewe asilishike, akaenda shambani kupalilia mistari yote miwili. Ulikuwa msimu wa palizi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba ukimwona mkeo wa umri ule anainama kwenye mstari wako, kucha zinaota zenyewe.

Safari hii sikuwaita studio. Nilikwenda Ringwani na vyombo vyangu, nikatafuta chumba. Sebule ilikuwa na mwangwi, darasa lilikuwa na popo. Chumba kizuri kuliko vyote kilikuwa ghala lao, kwa sababu magunia ya mahindi yanakunywa mwangwi kuliko trei zote za mayai duniani. Nikaketi na kusikiliza ghala kabla ya gitaa, kama nilivyofundishwa. Nikasikia kuku, upepo, na Mama Robi jikoni akikoroga uji.

Mwalimu akaanza. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, kisha vikakumbuka. Alikuwa amefika pale katikati ambapo vidole vitatu vinatetemesha uzi mmoja, mahali pagumu kuliko pote, nami nimezuia pumzi, ndipo sauti ikaja kutoka jikoni, kubwa, ya mwanamke asiyejua sheria yoyote ya studio:

"Baba Robi! Uji unapoa!"

Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha kusimamisha. Lakini Mwalimu hakusimama. Alicheka, kicheko kidogo cha puani, na vidole vikaendelea, vyepesi kuliko mwanzo, mpaka mwisho. Nikarudisha mkono wangu gotini. Nilikuwa nimewaona wapiga iritungu wakijibiwa, na sasa huyu naye alikuwa amejibiwa.

Meneja aliposikiliza alisema, "Safi sana. Hapo kwenye uji kata."

"Nikikata uji, Meneja, nimekata wimbo."

Alinitazama, akaomba asikilize tena. Mara ya pili alicheka palepale alipocheka Mwalimu. Kesho yake asubuhi kikaruka hewani, uji na vyote. Sokoni Mugumu watu walianza kwa kunyamaza, kama kawaida yao, wakisubiri jina la marehemu. Badala yake wakamsikia mama anamwita mumewe. Muuza dagaa mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Kabla ya wiki kuisha wanawake walikuwa wanawaita waume zao kutoka vilabuni kwa maneno hayo, na simu za kituo zilijaa watu wanaotaka "ule wa uji". Matangazo ya vifo yakapewa kwaya. Miaka baadaye, siku ya kipaimara cha mjukuu, Mwalimu alipiga mbele ya wakwe walewale, na hakuna aliyesimama.

Mwaka huu nimestaafu. Wiki yangu ya mwisho kazini Mwalimu alikuja peke yake, na nilipoona yuko peke yake nilijua. Mama Robi aliugua kwa muda mfupi akafariki hospitalini. Nilimlilia palepale uani, mbele ya watangazaji vijana, bila kujificha.

"Ghati," alisema, "tangazo lake lisipigiwe kwaya. Piga ule wetu."

"Mwalimu, tulihangaika kuutoa huko."

"Mliutoa kwa ajili yake. Sasa urudishe kwa ajili yake, mara moja tu. Na usikate kitu."

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya, na namshukuru Mungu haikuwa nyingine. Nilifungulia gitaa, nikaliacha liende. Wilaya nzima ilisikia marehemu akiita, "Baba Robi! Uji unapoa!" na kile kicheko, na gitaa hadi mwisho, ndipo mtangazaji akasoma jina lake.

Nilikwenda Ringwani kuzika. Wafiwa waliniambia kwamba sauti ile ilipotoka redioni, Mwalimu, aliyekuwa ameketi kimya tangu asubuhi, aliitikia kwa nguvu, "Nakuja, Mama Robi!" na msiba mzima ukacheka huku unalia.

Nilipompa mkono wa pole aliushika kwa mikono yake yote miwili. Nikahisi kitu kigumu kikigusa kiganja changu, nikatazama. Hakuwa amekata kucha.