Jeni Saba na Saluni ya Alhamisi

Mwanamke aliyetunza friji za maabara walimwita Mama Barafu, na si kwa sababu ya friji tu. Ukimpelekea kichupa cha damu kisicho na jina la mgonjwa, alikutazama mpaka ukakumbuka madhambi yako ya shule ya msingi. Miaka kumi na minne hakuwahi kupoteza sampuli hata moja. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, tena wenye ratiba: kila Alhamisi, saa tano, alichomoka kwenda saluni ya wifi yake ng'ambo ya barabara, akarudi saa nane na kichwa kipya. Damu zilizofika katikati zilimngoja mezani, zimejipanga kwa adabu kama wajumbe wa kikao kisicho na mwenyekiti.

Ndipo alipoletwa Profesa. Uprofesa huo alipewa na wafagizi kwa sababu ya miwani. Shahada yake yenyewe ilikuwa bado inanuka wino. Daktari mkuu alimpa kazi moja. Kuna saratani ya damu ya pole na kuna kali, na mwanzoni zinafanana kama mapacha. Atafute, katika jeni elfu ishirini, zile chache zinazozitenganisha.

"Hata asili huchagua jeni," alimweleza Mama Barafu, karanga mkononi, maganda kwenye kibodi. "Ila ina subira kupita kiasi. Hawa wanakufa, wale wanazaa, vizazi na vizazi. Mimi nachagua kwa mchana mmoja na hafi mtu."

"Hiyo asili inajua inachotafuta?"

"Wala. Jeni inayomsaidia mtu kuishi hapo alipo inabaki. Basi."

"Na kompyuta yako?"

"Nayo haijui kitu, mama. Inabakiza zile zinazotenganisha makundi mawili."

"Kwa hiyo ni vipofu wawili, mmoja ana umeme."

Kompyuta ikabakiza saba. Katika damu za wagonjwa mia moja zilizokusanywa mwaka mzima, ilipatia tisini na saba. Daktari, mama ambaye hata kwenye picha ya harusi yake hakucheka, alionekana koridoni akipiga mluzi. Ikanunuliwa mashine ndogo ya kupima jeni hizo saba kwa saa mbili, na mgonjwa wa kwanza akawa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa maneno mengi. Jibu likatoka: kali. Dawa nzito ianze Jumatatu saa nne.

Ijumaa mwalimu alipita dirishani. "Mama, nasikia hii dawa inang'oa nywele." Akavua kofia, kichwa kiling'aa kama sahani ya wageni. "Waambie wamechelewa."

Mama Barafu alicheka mpaka akashika meza. Mzee alipoondoka, Profesa akasema, kama mtu anayeongea na skrini:

"Kinachonishangaza, nne kati ya zile saba ni jeni za dhiki. Seli ikipata joto, au ikikaa sana nje ya mwili, zinaamka na kupiga kelele."

"Ikikaa nje muda gani?"

"Saa mbili, tatu."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akafungua daftari la mapokezi. Kliniki ya ugonjwa wa pole ilikuwa Jumanne. Ya kali ilikuwa Alhamisi, saa za saluni. Na damu ya mwalimu, mgonjwa mpya ambaye aina yake ilikuwa bado haijajulikana, iliingia Alhamisi, saa tano na dakika ishirini.

Usiku huo usingizi ulimpitia mbali. Jumamosi alijitoboa mkono mwenyewe, akajaza vichupa viwili. Kimoja alikishughulikia papo hapo, kingine akakiacha mezani saa tatu. Majibu akampelekea Profesa bila majina.

"Wa kwanza ana ya pole," Profesa alisema. "Wa pili, masikini, ana kali. Ni akina nani?"

"Mimi. Wote wawili."

"Lakini wewe huumwi!"

"Mashine yako ina kisanduku cha mtu asiyeumwa?"

Haikuwa nacho. Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Kwa hiyo mwaka mzima..."

"Imekuwa ikipima saluni yangu, mwanangu. Kwa usahihi wa tisini na saba."

"Sikiliza, mama. Tunaweza kurekebisha kimyakimya. Miezi mitatu, hakuna atakayejua. Watakufukuza, ujue."

"Na mwalimu naye atatapika kimyakimya?"

Jumatatu saa mbili alikuwa mlangoni kwa Daktari, daftari kwapani. Alisimulia yote, hata bei ya kusuka. Daktari alinyanyua simu kwanza: "Ile dawa ya mwalimu, isimamisheni. Sasa hivi." Kisha akageuka.

"Miaka kumi na minne, mama! Miaka kumi na minne nakusifia kwa watu!"

"Ndiyo, Dokta. Ukitoa Alhamisi."

"Usinichekeshe, nina hasira!" Akanyoosha mkono. "Lete funguo za friji. Utakaa dirishani kuwatoa wagonjwa damu mpaka nitakaposema vingine. Na mzee utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako."

Profesa alirudi kuchagua upya, safari hii akiuliza kila kichupa kilikaa wapi na kwa muda gani. Mama Barafu, bila funguo, alimkuta mwalimu kwenye benchi, begi la kulazwa magotini, akamweleza bila kuruka hata dakika ishirini zile.

Mzee akauliza: "Ungekaa kimya ningejua?"

"Usingejua."

"Kwa hiyo nina aina gani?"

"Bado hatujui, mwalimu."

Mzee akaliweka begi chini, akakunja shati mpaka begani, akanyoosha mkono. Mama Barafu alimtoa damu, akaandika saa, akatoka na kichupa mbio, kandambili zikimpiga visigino.