Anodi, Kathodi na Betri za Bibi

Mwenzangu, juzi mjukuu wangu alikuwa anasoma kemia kwa sauti. Alipotamka "anodi" nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Neno hilo mimi nililipata Shume, kwetu milimani, miaka ya Ujamaa, kwa gharama ya betri nne za bibi yangu.

Shume baridi yake we acha tu! Ukungu unaingia hadi jikoni, nasi tunapuliza viazi vya moto, tunaungua vidole na kucheka. Bibi alikuwa na redio, na betri zikichoka alizianika juani juu ya jiwe zipate nguvu kidogo. Wiki ile alizianika kwa shauku. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa anafanya kazi Mtwara, mwaka wa pili hajaonekana, na barua yake ilisema Jumapili mchana salamu zake zitasomwa redioni.

Shuleni nako ilikuwa zamu yetu kupaka ubao rangi. Tulikuwa tunasaga unga mweusi wa betri mbovu pamoja na majani ya viazi, kisha tunasugua. Mwalimu akatuagiza betri zilizokufa. Mimi na kiherehere changu nikajiambia, betri ya kuanikwa si imeshakufa? Nikazibeba zote nne.

Tulizipondaponda kwa mawe, nyuso nyeusi tii! Mwalimu akaokota kopo la zinki na kijiti cha kaboni. Hivi viwili, akasema, ni elektrodi, milango ya umeme: zinki ni anodi, kaboni ni kathodi. Majina yametoka Kigiriki, njia ya kupanda na njia ya kushuka. Aliyeyachagua aliufananisha mkondo wa umeme na safari ya jua: unaingia upande linakochomoza, unatokea upande linakozama. Sisi watoto wa milimani, ambao kwenda kisimani tu ni kushuka na kurudi ni kupanda, tulielewa palepale.

Nikakimbia nyumbani kumfundisha bibi. Akautazama uso wangu mweusi, kisha akalitazama jiwe lake la kuanikia, tupu.

"Umemponda mjomba wako!" akasema, akaangua kilio. Nikalia naye. Duka la kijiji halikuwa na betri hata moja.

Sijui nani alimwambia mwalimu. Jumapili baada ya ibada huyo hapo mlangoni: "Shikamoo mama. Kosa ni langu, niliagiza bila kufafanua." Akatoa betri nne za redio yake mwenyewe. Bibi akazitia redioni, tukakaa tumeizunguka. Mara mtangazaji akalitaja jina la mjomba: ni mzima, anamwamkia mama yake, shikamoo.

Bibi akaruka, akaiinamia redio. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Akaitikia mara kumi, akamvuta mwalimu wakacheza katikati ya sebule. Sijawahi kufurahi vile.

Siku hizi betri hazianikwi, na mjomba, mzee sasa, ananipigia simu kila siku kutoka kwake Mtwara. Tunacheka, tunataniana. Ila kabla hajakata husema amechoka kuamkiwa tu, laiti angebaki hata mtu mmoja wa kumpa shikamoo yake.